Swali la Siku ya Pili

Pale Kasongo, kwenye shule niliyosomea uuguzi, kulikuwa na swali moja ambalo darasa zima tulilijibu kwa sauti moja. Mwalimu wa upasuaji alikuwa akiingia, anaweka daftari mezani, na kabla hata ya salamu anauliza: "Mgonjwa alipasuliwa tumbo juzi. Leo ni siku ya pili. Umefika kitandani kwake. Unamuuliza nini?" Nasi tunapaza sauti mpaka waendesha pikipiki waliopaki nje wanageuka: "Umetoa upepo?"

Tulicheka kila mara. Neno lenyewe, tusifichane, ni kujamba, na watu wazima wenye ndevu wakitamka habari za kujamba mbele ya mwalimu wao hawawezi kujizuia. Yeye hakucheka. Alingoja tumalize, kisha akaeleza tena jambo aliloeleza mara ishirini: utumbo ukishikwa na mikono ya daktari unalala, tumbo lililolala halipitishi kitu, mgonjwa akitoa upepo ujue utumbo umeamka, mpe maji, kesho mpe uji. Asipotoa, hata akikuchekea, hata akikuapia kwamba yuko mzima, mwite daktari. "Mficha uchi hazai," alimalizia, "na muuguzi mwenye haya anajaza makaburi."

Mimi ndiye niliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilikaa benchi la mbele. Nilikuwa nimeoa tayari, nimewapita wenzangu wengi umri, na sikutaka mtoto yeyote wa juzi anishinde kwa maksi. Nasema haya mapema ili msomaji asije akanionea huruma nisiyostahili. Swali lile nililijua kuliko mtu yeyote darasani, na siku ilipofika sikuliuliza.

Mwaka wa mwisho, mtihani wetu wa magonjwa na upasuaji ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya karatasi, na hiyo tuliisomea kwenye ngazi za hospitali kila alasiri, daftari mapajani, mmoja anauliza wengine wanajibu. Kitabu tulikuwa nacho kimoja kwa watu wote, tena sura ya figo ilikuwa imechanwa, hivyo figo tulizijua kwa masimulizi. Sindano tulijifunza kwa kuchoma mapapai. Kushona tulijifunza kwenye ngozi ya mbuzi tuliyoiomba kwa mchinjaji, na ikianza kunuka tunaomba nyingine.

Sehemu ya pili ndiyo iliyotukosesha raha. Kila mwanafunzi alipewa kitanda kimoja hospitalini, na mgonjwa atakayelazwa hapo ndiye wake. Unamfuata tangu anaingia hadi anatoka, unaandika kila kitu kwenye fishi, ile karatasi yake ya kitandani, joto, mkojo, kidonda, dawa, halafu unasimama mbele ya juri, yaani walimu wanaotahini, na kumweleza. Uzuri wa maksi ulitegemea uzuri wa ugonjwa. Mwenzetu mmoja alipata jipu la paja, akalia machozi, kwa sababu jipu unalieleza kwa dakika mbili na juri wanaanza kupiga miayo.

Mimi nilipewa kitanda cha nne upande wa wanawake, karibu na dirisha. Kwa wiki nzima kilikuwa kitupu. Kila asubuhi nilipita kukitazama kama mtu anayekagua mtego wake, nikikuta godoro peke yake naondoka nimekasirika, nanung'unika kwamba wenzangu wameshaanza kuandika. Mungu anisamehe, niliomba ugonjwa uje. Niliomba hata uwe mkubwa.

Ukaja. Ulikuja juu ya pikipiki kutoka upande wa Lusangi, huko kwa wakwe zangu, na mgonjwa mwenyewe alikuwa mama mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, hawapeani mikono. Nikimwona anakuja njiani naacha njia, naingia majanini mpaka apite. Watu wa mjini wameanza kulegeza mambo haya, lakini yeye alikuwa mtu wa kizamani, na mimi nilipenda kusifiwa adabu. Kwa miaka minne ya ndoa sikuwahi kumtazama usoni. Nilimjua kwa mgongo wake, kwa sauti yake iliyotoka nyuma ya ukuta, na kwa mchele aliotutumia kila baada ya mavuno, umepepetwa mpaka huoni pumba hata moja.

Tumbo lilimshika shambani. Ndugu zake walitaka kumpeleka Kabambare, ndiko karibu, lakini yeye akawakatalia. Shemeji yangu aliyemleta, mchimbaji wa dhahabu mwenye mikono iliyopasuka, alinieleza maneno yake huku anatikisa kichwa: "Alisema, 'Mi niko na mukwe kule Kasongo, ni muganga. Munipeleke kwa mukwe wangu.' Tungefanya nini?" Basi wakamfunga kwa kitambaa mgongoni mwa dereva ili asianguke, wakaendesha siku moja na nusu kwenye ile barabara ambayo hata mtu mwenye afya akiimaliza anashuka akiwa ameinama. Mimi bado sikuwa muganga. Nilikuwa mwanafunzi mwenye ngozi ya mbuzi ndani ya mfuko.

Daktari alimpasua alasiri ileile. Utumbo ulikuwa umejisokota na kipande kimekwisha kuwa cheusi, akakikata na kuunganisha palipobaki. Alipotoka aliniambia kazi imekwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Wakamtoa kwenye chumba cha upasuaji, wakatafuta kitanda, na kitanda kilichokuwa kitupu ni cha nne.

Mwalimu alikuwepo. Alinitazama nikiwa nimesimama mbali na machela, mgongo wangu kwa mgonjwa, akauliza kama tunajuana.

"Ni mtu wa nyumbani," nilisema.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo mama wa mengine yote. Kama ningesema ni mama mkwe wangu, mwalimu angenibadilishia kitanda palepale bila swali la pili. Pamoja na methali zake zote, hata yeye kwao alikuwa anaingia majanini. Lakini ningepewa nini badala yake? Jipu. Utumbo uliojisokota, ukakatwa, ukaunganishwa, huo ni ugonjwa ambao juri wakiusikia wanaweka kalamu chini. Nilijiambia kwamba naweza kupata vyote viwili, ugonjwa na adabu. Nilijiona mjanja sana.

Ujanja wangu ulikuwa hivi. Mke wangu alikaa na mama yake kama garde-malade, yaani ndugu anayebaki hospitalini kumwosha mgonjwa na kumpikia. Nilimfundisha kusoma kipimo cha joto na kupima mkojo kwenye chupa. Mwanafunzi mwenzangu, msichana mmoja mwenye mikono mizuri, alikubali kumsafisha kidonda, nami nikamlipa kwa kumfundisha hesabu za dawa, maana zilikuwa zinamtesa. Mimi nilisimama nje, kwenye dirisha la wavu lililokuwa karibu na kitanda, fishi mkononi na kalamu ya biki sikioni. Mke wangu ananiletea habari dirishani, mimi naandika. Mtu akiiona ile fishi angesema muuguzi huyu hakutoka kitandani hata dakika moja.

Ikinilazimu kuingia kwa ajili ya wagonjwa wengine, mke wangu anakohoa, na mama mkwe anavuta kikwembe chake, kile cha rangi ya majani chenye maua ya manjano, anajifunika hadi kichwani. Napita kitanda cha nne macho yakiwa ukutani. Wanawake wa vitanda vingine walitucheka kwa upole, wakasema familia ile ina heshima.

Asubuhi ya kwanza baada ya kupasuliwa, serumu, yaani dripu, bado inadondokea mkononi mwake, midomo imekauka, alimwita binti yake karibu na kumnong'oneza. Mke wangu akaja dirishani anatabasamu. "Mama anauliza kama umeshakula. Anasema muganga hawezi kufanya kazi na njaa."

"Mwambie nimekula," nilisema. Sikuwa nimekula, lakini nilishiba kwa yale maneno. Nilimpenda sana mama yule. Sijawahi kupata nafasi ya kumwambia, na desturi yetu haikunipa mahali pa kulisemea.

Siku ya pili ilikuwa Jumatano. Nilifika dirishani mapema, fishi safi mbele yangu: joto, nikaandika, mkojo, nikaandika, kidonda kikavu, nikaandika. Ikabaki safu moja, ile ya upepo. Mke wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa wavu, beseni mkononi, anangoja nimwambie la mwisho akamwage maji.

Nilishindwa kutamka. Mimi, mpaza sauti wa benchi la mbele. Nilimwona mama mkwe juu ya bega la mke wangu, kikwembe kimemfunika, vidole vya miguu tu vinaonekana, na nikafikiri jinsi swali lile litakavyotoka kinywani mwangu, lipite kwa binti yake, limfikie yeye, naye ajue kwamba mukwe wake amesimama nje anangoja kusikia kama amejamba. Mwishowe nikasema kwa sauti ya chini, nikitazama biki yangu: "Muulize kama... ile ya chini. Kama ametoa upepo."

Mke wangu akaweka beseni chini, akaenda, akainama karibu na kichwa cha mama yake. Niliona midomo yake inasogea. Niliona kikwembe kinatikisika, kichwa chini yake kinaitikia, mara mbili.

Akarudi. "Ndiyo," alisema.

Nikaandika alama ya kujumlisha. Nakumbuka nilivyoshusha pumzi, si kwa ajili ya mgonjwa tu, ni kwa kuwa jambo limekwisha na uso wangu haujachafuka.

Daktari alipita baadaye. Kulikuwa na mjamzito anayemsubiri mezani na kijana aliyeanguka na pikipiki, kwa hiyo alitembea haraka. Alisoma fishi yangu, akapapasa tumbo la mgonjwa juu ya nguo, akaniuliza mimi niliyekuwa nyuma yake nimetazama ukuta: "Upepo ametoa?"

"Ndiyo, dokta."

"Vizuri. Ondoeni serumu, mpeni maji. Kesho uji."

Mke wangu alifurahi. Kesho yake alitwanga mchele uleule wa mama yake, akapika uji mwepesi, akamnywesha kwa kijiko. Kufikia saa tisa alasiri, nikiwa dirishani, niliona kikwembe kimeinuka pale tumboni. Nikasikia kwikwi. Moja, kimya, nyingine. Kwikwi, dalili ya tumbo lisilopitisha kitu, ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja wa daftari langu, mstari wa chini, nimeupigia mstari mwekundu kwa rula.

Nikazunguka mbio, nikaingia. Safari hii mke wangu hakuwahi kukohoa. Nilifika kitandani na kushika pindo la kikwembe ili nilitazame tumbo, na mikono miwili ikatoka chini yake, ikalishika pindo lile kwa nguvu ambayo mgonjwa hana.

"Mukwe," alisema. "Apana."

Ni maneno mawili tu aliyoniambia mimi mwenyewe, bila ukuta na bila mtu kati. Nikaachia. Nikatoka kumtafuta daktari, naye alikuwa kwenye chumba cha upasuaji, nikangoja mlangoni. Sijui ni muda gani. Najua kwamba muuguzi wa kweli angefunua kikwembe kile. Angesema, "Nisamehe, mama," akafunua.

Walimpasua tena jioni hiyo. Palipounganishwa palikuwa pameachia. Akafariki Ijumaa kabla ya mchana. Alipokwisha kufa desturi ikaniruhusu kumwona, nikaona uso wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho, na mke wangu analo lilelile mahali palepale, sijui yeye alilipataje. Nililia kama mtoto wake wa kuzaa. Daktari alinishika bega, akasema utumbo wenyewe ulikuwa umeshaoza alipokuja, kwamba hata kama wangegundua mapema huenda isingesaidia. Huenda. Neno hilo nimelitumia sana tangu siku hiyo, kama mgonjwa anayetumia dawa iliyopitwa na wakati kwa kuwa hana nyingine.

Tulimzika Kasongo, kwa kuwa ile barabara haifai kumrudisha maiti kwa heshima. Kisha mimi na mke wangu tukapanda pikipiki kwenda kwao kwa matanga. Watu walikuwa wengi uani, wanawake chini na vichwa vimefungwa, wanaume kwenye viti vya kukunja. Nilikaa mbali, nilivyopaswa. Nilitegemea kuulizwa: mganga gani wewe, mama amekuja kwako anapumua na amerudi jina tu?

Badala yake, siku ya tatu, mjomba wa mke wangu alisimama kuongea. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya kwaya. Alishukuru waliotoka Kabambare, akashukuru waliochangia muhogo na kuni, halafu akanigeukia mimi.

"Wakwe wa leo hawana haya," alisema. "Wanakula na mama mukwe kwa meza moja, wanamupigia simu. Lakini huyu wetu, mutoto wetu aliyekuwa garde-malade ametuambia, na watu wa kule wametuambia: alimuchunga mama yetu siku zote akisimama dirishani. Hata nguo yake hakuinua. Mama ameenda na heshima yake yote. Mukwe, aksanti."

Watu wakaitikia. Mtu akanipa kuku, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilikaa na kuku yule mapajani, anapumua, na sikuweza kuinua macho. Wakadhani ni adabu.

Mchana huo mke wangu aliniita nyuma ya jiko. Macho yake yalikuwa makavu, na ndipo nilipoogopa.

"Sikumuuliza," alisema.

"Hukumuuliza nini?"

"Ile ulinituma. Ya upepo. Nilifika pale kwa sikio yake, nikashindwa. Angejua ni wewe unauliza. Nikamuuliza kama iko na kiu. Akasema ndiyo." Alivuta pumzi. "Niliona iko muzuri. Asubuhi ile alikuwa ananichekea. Nikasema, atatoa tu, kama si sasa, mchana."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mama yangu alisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini hasira ya siku ile haikuwa ya kuzaliwa nayo, ilikuwa ya mtu anayetafuta mahali pa kutua mzigo. Nikautua juu yake. Nilimwambia: "Basi ni wewe umemuzika mama yako."

Uani watu walianza wimbo wa kanisani, mwanamke mmoja akitangulia na wengine wakipokea. Kisha akasema, bila kupandisha sauti: "Na wewe, muganga, juu ya nini hukumuuliza?"

Tulirudi Kasongo kwenye pikipiki moja, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma, na kuku ndani ya kikapu. Safari nzima hatukusemezana, hata kwenye madaraja ya miti ambapo abiria hushuka na kushikana mikono. Alivuka peke yake.

Wiki mbili baadaye nilisimama mbele ya juri. Walikuwa watatu, mwalimu wangu katikati. Nilieleza ugonjwa toka mwanzo: maumivu, matapishi, tumbo kama ngoma, kipande kilichokatwa na urefu wake. Kama nilivyotabiri, waliweka kalamu chini. Nilipofika siku ya pili mwalimu akainua kidole, na nikajua anachotaka, kwa sababu alikuwa karibu kutabasamu, yeye asiyecheka.

"Siku ya pili umefika kitandani kwake. Ulimuuliza nini?"

"Umetoa upepo."

"Akajibu?"

Nilikuwa na nafasi. Nilisikia mtu akifagia koridoni. Ningeweza kusema: sikufika kitandani, mwalimu, yule ni mama mkwe wangu, nilisimama dirishani. Wangenirudisha mwaka mmoja, na mwaka mmoja si kifo.

"Akajibu ndiyo," nilisema.

Walinipa maksi za juu kuliko wote. Mmoja wa juri aliongeza kwamba mgonjwa kufa si kosa la mwanafunzi, na kwamba ufuatiliaji wangu ni mfano wa kuigwa. Nje wenzangu walinimwagia poda nyeupe kichwani, kama tunavyofanya mtu akifaulu, wakanibeba, wakaimba. Yule wa jipu naye alikuwa amefaulu. Nikaenda nyumbani kwa miguu nikiwa mweupe kichwa hadi mabega, watu njiani wananipongeza, watoto wananifuata.

Mke wangu alikuwa ameketi uani, amenyoa nywele kwa ajili ya mama yake. Aliniona, akaingia ndani, akatoka na maji katika beseni, lile la hospitalini. Akaniinamisha kichwa, akaniosha poda yote, polepole, hadi maji yakawa kama maziwa. Hakusema hongera.

Sasa nafanya kazi upande wa Kabambare, mwaka wa sita huu. Swali lile naliuliza kila siku, na naliuliza kwa sauti. Nawauliza mabibi, nawauliza wachungaji na mashehe, namuuliza chifu mbele ya wazee wake. Nimewahi kumuuliza mama mkwe wa mwenzangu mbele ya mwenzangu, akaninunia mwezi mzima. Nainua vikwembe mwenyewe na kusema nisamehe, mama. Watu wamenipa jina la utani kwa sababu hiyo, nalo silipendi, sitaliandika hapa. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Wangu amekuja na hataki kwenda kwao.

Na nyumbani hatukulizungumza tena. Tulikula pamoja, tulilima, tulimzika baba yangu, tulicheka hata, maana maisha hayaombi ruhusa. Lakini mle ndani mwetu kulikuwa na chumba kimoja ambacho mlango wake hakuna aliyeugusa.

Mwaka huu mke wangu amejifungua mtoto wetu wa pili, na mtoto alilala vibaya tumboni, ikabidi apasuliwe. Mtoto ni mzima, msichana, ana sauti. Siku ya pili haikuwa zamu yangu. Muuguzi wa zamu, kijana mpole, alinikuta mlangoni akaniambia niende tu nikapumzike, yeye atauliza yote na kuandika.

Nikamwomba fishi. Nikaingia. Wodi ilikuwa imejaa, wanawake kumi na zaidi na garde-malade wao, na wote wakanyamaza kuona mume anaingia na biki. Nikafika kitandani kwake, karibu kabisa, magoti yangu yakagusa godoro. Nikasema kwa sauti ile ya benchi la mbele:

"Umetoa upepo?"

Wanawake walicheka. Mmoja akapiga makofi. Mke wangu hakucheka. Alinitazama, machozi yakamjaa yakashuka pembeni hadi masikioni, na alichelewa sana kusema, mpaka wodi nayo ikaacha kucheka.

"Leo umeuliza," alisema.

"Leo nimeuliza."

Akageuza kichwa, akatazama dirisha. Kisha akanijibu. "Bado."

Nikaandika: bado. Nikavuta kiti, nikakaa kando yake, nikangoja.